Kisima Nilichompa Babu Yangu

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa kituo katika safari za watu. Mtembeza wageni mmoja, niliyemsomesha Kurani chuoni tangu hajui kufunga vifungo vya kanzu yake, huwapitisha watu kwa miguu Mji wa Kale akiwaonyesha yaliyobaki ya enzi ya Mwingereza. Huanzia nje ya Ngome, hufuata Ndia Kuu akitaja nyumba iliyokuwa ya balozi, benki ya mwanzo na posta ya mwanzo, akashuka hadi forodhani. Kisha hupanda tena kwenda mahakama ya zamani, na kumalizia kwenye bustani ile iliyozungukwa na maofisi ya wakoloni. Baina ya forodha na mahakama ndipo nilipokuwa mimi. Kwenye karatasi yake ya ratiba pameandikwa: Mzee na Kisima.

Nyumba yetu imetazamana na ubavu wa msikiti wa mtaa, na kisima kiko hapo katikati. Siku hizi kimefunikwa kwa bamba la chuma lenye kufuli, na pampu hupandisha maji yake hadi tangi la kutawadhia. Ufunguo ninao mimi. Wageni wakifika nilikuwa nainua bamba, wanachungulia, wanaona giza na mng'aro mdogo chini kabisa, wanapiga picha. Halafu naketi barazani kwangu na kuanza kusimulia.

Nilisema babu yangu, mzaa baba, ndiye aliyekichimba kisima kile na kukifanya wakfu. Nilisema Mwingereza alipoleta maji ya mfereji kisiwani alitaka visima vifukiwe kwa sababu ya mbu, na babu yangu akaenda mahakamani, akasimama mbele ya hakimu na kumwambia, "Maji haya si yangu hata nikupe, wala si yako hata uyafunge." Mtembeza wageni akifasiri, nami nikimsubiri huku nimekunja mikono juu ya bakora. Nilikuwa najua ni wapi watacheka na wapi watanyamaza. Miaka ilivyokwenda nikaongeza kwamba hakimu aliinuka kitini akampa babu mkono. Mkono ule sijui niliutoa wapi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikisema. Sasa niseme yaliyokuwa.

Kisima kilichimbwa na mwanamke aliyekuwa mtumwa wa nyumba yetu. Bibi yangu, mke wa huyo babu, alinieleza nikiwa na miaka minane au tisa, asubuhi moja akichagua mchele na mimi nikimwondolea mawe. Alisema mwanamke yule alipopata uhuru wake alikaa chumba kimoja mtaa wa pili, akasuka mikeka mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Alinunua kile kipande cha ardhi kwa mikeka. Akaita wachimbaji, na maji yalipotoka akayafanya wakfu, ya msikiti na ya kila mwenye kiu. Kisha serikali ya Mwingereza ikataka kila mwenye ardhi aende akaandikishe mahakamani, na ikataka watu wenye nasaba na mashahidi. Yule hakuwa na baba wa kumtaja. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa imemwacha huru, basi babu yangu akaenda kumsimamia, na karatasi ikatoka na jina la babu kuwa msimamizi wa wakfu.

"Msimamizi," bibi aliniambia, na akanipiga kidogo mkononi ili nisikie. "Si mwenyewe. Usije ukasahau weye."

Sikusahau. Lau ningekuwa nimesahau, leo ningekuwa na udhuru.

Ilianza kwa jambo dogo. Mara ya kwanza mtembeza wageni kupita na watu, Wazungu wawili na mtoto wao, aliniuliza, "Maalim, kisima hiki ni cha nani?" Nikamjibu, "Ni cha kwetu." Watu wa mtaa wakisikia hivyo huelewa kuwa sisi ndio tunaokiangalia. Yeye akafasiri kuwa kilichimbwa na wazee wangu. Kiingereza nakisikia cha kutosha. Nilisikia kosa likipita mbele yangu, nikainama kana kwamba natafuta kiatu. Mara ya pili aliniuliza babu alikichimba vipi, nami nikamweleza vipi.

Hilo lingekuwa uongo wa barazani tu, na uongo wa barazani ni mbaya, lakini nililipeleka mbali zaidi. Msikitini kwetu, kila Ijumaa baada ya sala, husomwa Fatiha kwa waliotoa wakfu: aliyetoa kiwanja, aliyejenga mnara, aliyetandika mikeka ya mwanzo. Nilipokuwa mdogo msomaji alikuwa akisema, "na aliyetoa kisima," bila jina. Nilipopewa mimi kazi ya kusoma orodha ile, nilikuwa nimeshazoea sauti yangu ya barazani, na Ijumaa moja jina la babu likanitoka. Watu wakasema amin. Tangu siku ile safu nzima za waumini zimemwombea mtu kwa sadaka ambayo hakuitoa, na aliyeitoa hakutajwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu maana ya amana.

Jumamosi ninayotaka kuieleza, mtembeza wageni alileta watu tisa, wote wa hapa hapa Kenya. Wengi walikuwa walimu wa shule moja ya bara waliokuja likizo. Mmoja tu alikuja peke yake: mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye msalaba mdogo shingoni, karani katika ofisi moja upande wa Mbaraki. Mkononi alikuwa na kidumu kitupu cha lita tano, na wenzake walikuwa wameshakifanya mchezo tangu Ngome.

"Dada, unatembea na dumu kwani Mbaraki maji yamekatwa?" mwalimu mmoja mwenye kofia alimwambia.

"Maji ya Mbaraki yako sawa. Wewe angalia jua lisikumalize."

"Angetuambia mapema tungemtafutia mkokoteni," mwingine akasema, wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Nikainua bamba, wakachungulia. Nikakaa barazani nikasimulia. Siku ile nilisimulia vizuri, kwa kuwa nilikuwa na watu wanaokisikia Kiswahili changu bila mfasiri, na nilipofika kwenye mkono wa hakimu wale walimu walipiga makofi. Yule mwanamke hakupiga. Alikuwa amesimama kando ya kisima, anatazama ukuta wa msikiti, halafu anatazama chini, halafu ukuta tena.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Samahani. Kuna kisima kingine mtaa huu? Kilicho ubavuni mwa msikiti, kama hiki?"

"Marahaba, mwanangu. Vilikuwapo, vimefukiwa. Na havikuwa vya msikiti. Cha msikiti ni hiki tu."

"Hakuna kilichochimbwa na mwanamke?"

Nikamwuliza kwa nini auliza.

Akasema mama yake ni mgonjwa, yuko nyumbani Rabai, na daktari amewaambia wamtunze hapo hapo, hospitali haina la kufanya tena. "Tangu tukiwa wadogo mama anatuambia kuwa bibi yake alikuwa na kisima Mombasa, katikati ya mji, karibu na msikiti. Alikiona kwa macho yake siku moja akiwa mtoto. Wajomba humcheka. Husema, mtumwa gani alikuwa na kisima? Hata watoto wakimwona anakunywa maji humwuliza, bibi, haya ni ya kisima chako?" Alitabasamu, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. "Sasa amenituma. Alisikia kuna mtu anayetembeza watu. Akanambia, nenda uangalie kama kipo, uniletee maji yake. Kama hakipo nambie hakipo, nisife nikidanganya watu."

Mtembeza wageni, ambaye hana ubaya hata kidogo, akasema kwa upole, "Mama, hiki historia yake inajulikana. Mwenyewe ndiye huyu."

Mwanamke akanitazama. Wote walinitazama. Palikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno moja.

"Hiki alikichimba babu yangu," nikasema.

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa majibu ya hospitali aliyokwisha kuyatarajia. "Basi atakuwa aliota," akasema. "Ahsante, mzee." Kidumu akakitia kwapani. Hata maji hakuomba.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mtembeza wageni akawaacha watu wake mahali panapouzwa madafu akaja kusali. Imamu wetu alikuwa Ganjoni kwenye maziko, na wazee wakanisukuma mbele kama wanavyofanya kila anapokosekana. Nikakataa, wakadhani ni unyenyekevu, wakanisukuma tena. Basi nikasimama mbele ya watu, na sikujua nasoma nini. Rakaa ya tatu nikakaa kitako kana kwamba nimemaliza. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Subhanallah," ndivyo imamu anavyokumbushwa akikosea. Niliijua sauti. Ilikuwa ya mtembeza wageni, mwanafunzi wangu. Nikainuka, nikamaliza ya nne, nikasujudu sijida ya kusahau. Lakini sikuwa nimesahau kitu, nilikuwa nimejaa kile kisima mpaka kooni.

Sijida ile ilikuwa ndefu. Wazee walifikiri nazidisha ucha Mungu. Nilikuwa natafuta njia. Nilijiambia: nitamwandikia. Nikajiambia: nitamtuma mtembeza wageni amweleze kwa simu, kwa lugha nzuri. Nikajiambia hata kwamba mgonjwa atafariki na jambo litakwisha, na hilo nalitaja hapa kwa sababu lilipita moyoni mwangu paji la uso likiwa chini. Nilipotoa salamu, mtembeza wageni alikuwa ameshatoka.

Nikatoka bila kusali sunna na bila bakora. Magoti yangu hayapendi mwinuko wa Ndia Kuu, na jua lilikuwa limesimama utosini. Mwenye duka la vitambaa akaniita, "Maalim, kulikoni? Kaa unywe maji!" Neno hilo maji likanipiga. Nikamwonyesha mkono nikapita.

Niliwakuta mbele ya mahakama ya zamani, wamesimama kwenye kivuli cha nguzo. Mtembeza wageni alikuwa amepanda ngazi mbili, mikono imekunjuka, na alikuwa katikati ya hadithi yangu.

"Hapa," alikuwa anasema, "ndani ya jengo hili, babu wa yule mzee mliyemwona ndipo alipomkabili hakimu wa Kiingereza."

Akaniona, uso ukamfunguka kwa furaha. "Mwenyewe huyu amekuja! Karibu, Maalim, karibu, umalizie."

Nikamwendea yule mwanamke, nikamwomba tusogee kando. Nikamwambia kwa sauti ndogo kuwa nimemwambia uongo, kwamba kisima ni cha yule anayemtafuta, mwanamke aliyesuka mikeka. Sikuwa nimetaja mikeka kabla. Aliposikia neno hilo akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Mikeka," akasema. "Mama husema mikeka." Kisha akaniachia mkono, na uso wake ukabadilika. "Kule ulisema mbele ya watu, mzee."

"Naam."

"Na mimi nikaonekana mjinga mbele ya watu. Sasa huku unaniambia pembeni?"

Mimi mwenyewe nimefundisha, miaka na miaka, kuwa aliyekosa hadharani atengeneze hadharani. Nilikuwa nikilisema huku nimekaa juu ya mkeka na watoto mbele yangu wakisinzia. Sikupata kulitenda, maana sikuwahi kufikiri linanihusu.

Nikapanda ngazi ile moja ya chini, nikiwa nimeshika nguzo. Nikasema kisima hakikuchimbwa na babu yangu. Nikasema kilichimbwa na mwanamke aliyekuwa mtumwa wetu, ambaye ni bibi wa mama yake huyu dada, na babu yangu alikuwa msimamizi tu, na mimi nilijua tangu utoto. Nilisema haraka, maneno yakigongana.

Yule mwalimu mwenye kofia alinyanyua mkono kana kwamba yuko darasani. "Na yule hakimu aliyesimama akampa mkono?"

"Sijui kama alisimama."

"Lakini hakimu alikuwepo?"

"Sijui kama kulikuwa na hakimu."

Mmoja wao akacheka, akajizuia. Ningependa wangecheka wote. Mtembeza wageni alishuka zile ngazi mbili, akawa amesimama chini yangu, na nilimwona tena kama alivyokuwa chuoni siku niliyompiga kwa kosa la mwenziwe.

"Maalim," akasema, "mimi nimewaambia watu wangapi?"

Nikashuka ile ngazi nikasimama sawa naye.

"Miaka kumi na moja. Nimewaambia wanafunzi wa chuo kikuu, wameandika. Nimemwambia mwanangu mwenyewe." Sauti haikupanda. "Ungenambia tu. Ningeisema hiyo ya kweli. Yashinda hii kwa uzuri."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekificha, na kwamba hakikuwa na haja ya kufichwa ila kwa kiburi changu. Nilikuwa nikiona haya kusema kuwa nyumba yetu ilimiliki watu, na nikaona ni bora kumpokonya mmoja wao kitu pekee alichokuwa nacho.

Yule mwanamke alikuwa tayari amempigia mama yake simu. Aliongea naye kwa Kirabai, haraka, akilia na kucheka, kisha akanipa simu. Nilisikia pumzi ya mtu aliyelala chali.

"Wewe ndiye mwenye ufunguo?" sauti ikauliza.

Nikasema ndimi.

"Maji mpe huyo mtoto. Na wewe njoo. Walionicheka wako hapa Rabai, hawako huko mjini."

Nikamwahidi Jumapili ya wiki ya pili. Tukarudi kisimani, yule mwanamke na mimi na mtembeza wageni, aliyewaacha wale walimu wapumzike kivulini. Yeye ndiye aliyetumbukiza ndoo, mimi nikishikilia bamba. Kidumu kikajaa. Yule mwanamke akakichukua kwa mikono miwili akakipakata kama mtoto.

Ijumaa iliyofuata nilisoma ile orodha msikitini, na nilipofika mahali pa kisima nikasimama. Nikawaeleza watu. Nikamtaja mwanamke yule kwa jina alilonitajia bibi yangu, nikaomba tumsomee Fatiha yeye, na nikawaomba wanisamehe kwa Ijumaa zote zilizopita. Baada ya sala mzee mmoja, rafiki yangu tangu ujana, alinivuta mkono.

"Mambo ya kale hayo, Maalim. Waliokuwamo wote wamekufa. Ya nini kuyafukua na kutuaibisha sote?"

"Si wote waliokufa," nikamwambia.

"Basi ungelisema pole pole, nyumbani. Sasa vijana watasema nini?"

Alikuwa ananihurumia, najua. Lakini nikiri jambo jingine: nilipokuwa narudi nyumbani siku ile nilijisikia mwepesi. Nilijiona mtu aliyefanya zito. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa nguvu, na ndani ya shukrani ile nilikuwa nimejishukuru mwenyewe pia.

Jumapili nikavuka daraja la Makupa kwenda Rabai. Yule mwanamke alinipokea barabarani, tukashuka kwa miguu hadi nyumba ya mama yake, nyumba ya matofali yenye kibaraza cha saruji. Ndani wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya kitanda. Hao ndio wajomba. Walinisalimu kwa adabu, na mmoja akaninyanyukia kunipa kiti, jambo lililonitia haya zaidi. Mama mwenyewe alikuwa amelala ameegemea mito, mdogo sana, macho makubwa. Kidumu kilikuwa juu ya meza, kimebaki robo.

Hakunipa muda wa kupumzika. "Waambie," akasema.

Nikawaambia. Safari hii nilikuwa nimejifunza kutoharakisha. Niliwaeleza mikeka, kiwanja, wachimbaji, wakfu, mahakama, karatasi, msimamizi. Nikawaeleza na baraza langu na miaka kumi na moja. Mjomba mkubwa akamwambia dada yake kwa Kirabai maneno mafupi, na yule mama akainua mkono kidogo kutoka kwenye shuka akaushusha. Nikafahamu kuwa lao limekwisha, na langu bado.

"Babu yako," akaniambia, "unajua alimfanya nini bibi yangu?"

"Alimsimamia mahakamani."

"Alipotoka na ile karatasi. Baadaye."

Nikasema sijui.

Alisimulia kwa vipande, akipumua katikati. Bibi yake alikuwa akienda kisimani kila asubuhi kufagia pembeni na kuwatekea maji vipofu na wazee waliokuja msikitini. Siku moja babu yangu akamwita, akamwambia watu wenye heshima wanasali pale, na kuonekana kwake kila siku kunawakumbusha watu mambo. Asiende tena. Kisima kina karatasi sasa na kina mwangalizi. Mwanamke yule hakwenda tena. Alihamia Rabai kwa binti yake, aliyekuwa ameolewa huko na mtu wa kanisa, akaishi miaka mingi akisali peke yake chumbani kwa kuwa jirani hapakuwa na Mwislamu. Mara moja tu alirudi mjini, akiwa na mjukuu wake mdogo kamshika mkono, akamwonyesha kisima kutoka ng'ambo ya njia. Hawakukaribia.

"Ndivyo nilivyokiona," akasema. "Kutoka mbali. Ndiyo maana hata mimi nikaja kuwa na shaka kama nilikiona."

Bibi yangu hakunieleza hayo. Huenda hakujua, au alijua na akaona mtoto ametosheka na yale aliyopewa. Nilikuwa nimekwenda Rabai nikidhani nimebeba dhambi yangu mwenyewe tu, ya uongo. Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki bila kuwa na mahali pa kuweka mikono.

Nikatafuta kitu cha kumpa. Nikamwambia kwamba tangu sasa tutamwombea kila Ijumaa, na kwamba nimemtaja kwa jina lake mbele ya msikiti mzima. Nikalitamka jina lile, nikatazamia atafurahi.

Yule mama akafumba macho.

"Hilo mlimpa ninyi," akasema.

Sikuelewa mara moja. Bintiye akaeleza kwa sauti ya chini, akiwa amesimama nyuma ya kitanda, kuwa jina lile ni la nyumbani kwetu, alilopewa siku alipoletwa, kama walivyokuwa wakipewa wote, majina ya bahati na baraka ili yamletee faida aliyewanunua. Alikuwa na miaka kama kumi. Alikuja na jina lake kutoka kwao, bara ya mbali, na alilificha mpaka alipofika Rabai. Huku hakuna aliyemwita kwa lile la mjini.

Basi hata Ijumaa ile, nilipokuwa nikijiona nimerudisha haki, nilikuwa nimesimama mbele ya Mungu nikimwita kwa jina la utumwa wake, na nikawaitikisha watu amin.

Nikamwomba yule mama anitajie jina lenyewe. Nilifikiri atakataa, na angekuwa na haki. Halafu akalitamka. Lina sauti mwanzoni ambayo Kiswahili chetu hakina, na ulimi wangu, uliosomeshwa tangu utoto kutofautisha herufi za Kiarabu zinazokaribiana, haukujua pa kuanzia. Silitaji hapa. Nimepewa kwa ajili ya dua, na sina ruhusa ya zaidi ya hiyo.

Nililirudia. Mjomba mmoja akatabasamu bila kutaka.

"Sivyo," mama akasema.

Nikalirudia tena, polepole. Binti yake akanikosoa katikati. Nikajaribu kama alivyonionyesha, mdomo ukiwa wazi zaidi, na nikahisi machozi yakinishuka ndevuni, na sikuyapangusa maana nilikuwa nimeshughulika na lile jina.

"Bado," mama akasema. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini mkono wake ulitoka kwenye shuka ukaja juu ya ukingo wa kitanda, karibu na wangu. "Bado. Sema tena."